Bitana Iliyogeuka Kiungo: Historia ya Fikra kuhusu Hitilafu ya Utando wa Ndani katika Ugonjwa wa Mishipa ya Damu, 1628–2006

Utangulizi

Ndani ya kila mshipa wa damu, kuanzia aota itokayo moyoni hadi kapilari iliyo nyembamba kuliko unywele, kuna tabaka moja la seli bapa zilizopangwa bega kwa bega. Katika ukuta mzima wa mshipa wenye afya, ni tabaka hili pekee linalogusana na damu. Wanasayansi huliita endothelia. Katika insha hii litaitwa pia utando wa ndani. Leo vitabu vya tiba hufundisha kwamba utando huu ukipoteza uwezo wa kulegeza mshipa, wa kuzuia damu isigande na wa kuzikataza chembe nyeupe zisipenye ukutani, njia ya ugonjwa wa mishipa huwa imefunguliwa, na mwisho wa njia hiyo waweza kuwa mshtuko wa moyo au kiharusi. Fundisho hilo ni changa. Kwa takribani miaka mia moja baada ya utando huo kupewa jina, wataalamu wengi waliuona kama bitana ya koti: kitu kinachofunika upande wa ndani, kisicho na kazi nyingine ya kusimuliwa.

Insha hii inajibu maswali mawili. Kwanza, kwa nini kiungo kilichokuwa mbele ya macho ya watafiti kilichelewa kiasi hicho kutambuliwa? Pili, kutambuliwa kwake kulibadilisha nini katika maelezo ya ugonjwa wa mishipa? Hoja kuu ni kwamba uchelewaji huo haukutokana na upungufu wa vyombo peke yake. Ulitokana pia na desturi za kazi: namna ya kuandaa tishu ndiyo iliyokuwa ikiufuta utando kabla haujaulizwa swali lolote. Hoja ya pili inatokana na ya kwanza. Ushindi wa miaka ya 1980 ulipoupa utando sauti, ulizaa tatizo jipya, yaani kutofautisha hitilafu ya utando iliyo sababu ya ugonjwa na ile iliyo dalili yake. Mwanahistoria akilisahau tatizo hilo ataandika hadithi ya ushindi mahali ambapo ushahidi unaonyesha mjadala.

Kuonekana na kupewa jina

Mwaka 1628 William Harvey alichapisha hoja yake kwamba damu huzunguka mwilini. Hesabu ya wingi wa damu inayosukumwa na moyo ilimlazimu kukubali kuwa damu hiyo hiyo hurudi, lakini hakuweza kuona inapita wapi kutoka kwenye ateri kwenda kwenye vena. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Bologna aliiona njia hiyo kwa hadubini katika mapafu ya chura: mirija midogo mno, iliyokamilisha duara la Harvey. Tangu hapo ilijulikana kwamba damu haimwagiki ndani ya nyama ya mwili bali hubaki imefungiwa. Ukuta unaoifungia umetengenezwa kwa nini, hilo lilibaki bila jibu kwa karne mbili.

Jibu lilikuja kwa njia ya rangi. Mapema katika miaka ya 1860 watafiti wa Ujerumani, Friedrich von Recklinghausen akiwa mstari wa mbele, walitumia chumvi ya fedha iliyokoleza mipaka ya seli kwa mistari myeusi. Ukuta wa kapilari, uliodhaniwa kuwa ngozi moja isiyo na viungio, ukaonekana kuwa na seli zilizounganishwa mfano wa vigae vya sakafu. Mwaka 1865 Wilhelm His, aliyekuwa akifundisha Basel, alipendekeza neno endothelia ili kuzitenga seli zinazotanda nafasi za ndani ya mwili na zile zinazofunika ngozi na utumbo.

Kigezo cha His kinastahili kuzingatiwa. Aliligawa jina kwa kuangalia mahali seli zilipo na asili yake katika kiinitete. Hakuligawa kwa kuangalia kazi yake. Utando uliingia katika msamiati wa sayansi ukiwa na anwani, lakini bila wadhifa, na hali hiyo iliathiri maswali yaliyoulizwa baadaye.

Mzozo wa Vienna na Berlin

Wakati huo huo wanapatholojia walikuwa wakibishana kuhusu asili ya vinundu na magamba ya mafuta yaliyoonekana katika ateri za maiti. Huko Vienna, katika miaka ya 1840, Carl von Rokitansky alifundisha kwamba magamba hayo ni masalia ya damu yenyewe: vitu vilivyomo katika damu hujibandika juu ya uso wa ndani wa ateri, kisha hugeuka kuwa kinundu. Rudolf Virchow alimpinga. Katika maandishi yake ya mwaka 1856, mwaka aliohamia Berlin, alidai kuwa kinundu huanzia ndani ya ukuta na si juu yake. Ukuta husumbuliwa, hufyonza majimaji ya damu, seli zake huzaliana, na mafuta huja baadaye. Kwa Virchow huo ulikuwa uvimbe wa kujibu maudhi, wa jamii moja na uvimbe mwingine mwilini.

Tofauti hizi mbili zilitawala fani kwa zaidi ya karne moja. Upande mmoja ulitazama damu, upande wa pili ukatazama ukuta. Jambo linalomshangaza msomaji wa leo ni kwamba mpaka kati ya damu na ukuta, pale ambapo mgogoro mzima ungeweza kuamuliwa, haukupewa nafasi kubwa na upande wowote. Sababu mojawapo ni ya kikazi. Seli za utando wa ndani hubanduka upesi baada ya kifo. Daktari aliyepasua ateri ya maiti saa nyingi baadaye alikuta uso uliokwisha kuvuliwa, naye hakuwa na njia ya kujua kama uvuaji huo ulifanywa na ugonjwa au na kifo chenyewe. Sayansi iliyojengwa juu ya meza ya maiti haikuweza kuitegemea tishu ambayo ilikuwa ya kwanza kupotea.

Aliyekaribia kulivuka pengo hili alikuwa Julius Cohnheim, mwanafunzi wa Virchow, kwa sababu alitazama mnyama aliye hai. Mwaka 1867 alieleza jinsi chembe nyeupe katika mishipa midogo ya chura zinavyopunguza mwendo, zinavyojishikiza ukutani, na hatimaye zinavyopenya kutoka nje pale tishu inapokuwa na uvimbe. Cohnheim alisisitiza kwamba lazima kuna badiliko katika ukuta wa mshipa wenyewe linaloruhusu jambo hilo. Hakuweza kulitaja badiliko hilo ni lipi. Uchunguzi wake ukahifadhiwa katika mlango wa uvimbe, na waliosoma ugonjwa wa ateri kubwa hawakuuazima.

Jinsi utando ulivyonyamazishwa

Mwishoni mwa karne ya 19 ilijitokeza nafasi ya kuupa utando wadhifa, nayo ikapotea. Mwaka 1891 mwanafiziolojia Rudolf Heidenhain wa Breslau alidai kwamba seli za kapilari hutoa limfu kwa kazi yao wenyewe, kama tezi zinavyotoa mate. Mwaka 1896 Ernest Starling alionyesha kwamba kutoka na kurudi kwa majimaji kunaweza kuelezwa kwa mizani ya nguvu mbili: msukumo wa damu unaoyatoa nje, na protini za damu zinazoyavuta ndani. Maelezo ya Starling yalikuwa sahihi katika msingi wake, yalipimika, na yalihitaji dhana chache. Lakini yalikuja na gharama isiyotajwa. Kama nguvu za kimaumbile zinatosha, basi utando si zaidi ya chujio, na chujio halina ugonjwa wake. Huweza kuziba au kutoboka tu. Heidenhain alishindwa juu ya limfu, na kwa kushindwa kwake wazo la seli zinazotenda likawekwa kando pamoja naye.

Mwaka 1913 Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow wa St. Petersburg waliwalisha sungura kolesteroli wakazalisha ndani ya ateri zao vidonda vilivyofanana na vya binadamu. Jaribio hilo liliipa fani mnyama wa mfano na kitu cha kushukiwa. Tangu hapo swali kubwa likawa kiasi cha mafuta katika damu. Nadharia ya Rokitansky nayo haikufa: mwaka 1946 J. B. Duguid aliifufua kwa kuonyesha kwamba baadhi ya vinundu vya ateri za moyo ni damu iliyoganda zamani, ikafunikwa na kumezwa na ukuta.

Kisha ukaja ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1948 ulianzishwa uchunguzi wa wakazi wa mji wa Framingham nchini Marekani, na katika miaka iliyofuata ilithibitika kwamba shinikizo la juu la damu, kolesteroli nyingi na uvutaji wa sigara humwongezea mtu hatari ya ugonjwa wa moyo. Kisukari kikaongezwa katika orodha hiyo. Takwimu hizo zilikuwa za thamani kubwa kwa afya ya umma, lakini ziliacha fumbo. Moshi wa tumbaku, sukari, mafuta na msukumo wa damu ni vitu visivyofanana hata kidogo. Inakuwaje vyote vilete kidonda cha namna moja, mahali pale pale? Palihitajika mlango mmoja ambao wote hao hupitia. Fumbo hilo ndilo lililoutayarishia utando wa ndani nafasi yake.

Vyombo vipya, tishu ile ile

Hadubini ya elektroni ilianza kuibadilisha sura ya utando katika miaka ya 1950. George Palade na wenzake walionyesha kwamba seli hizo nyembamba zimejaa vijifuko na viungo vidogo vya ndani. Mwaka 1964 Palade na Ewald Weibel walieleza vijiumbo vya umbo la fimbo ambavyo baadaye vilijulikana kuwa ghala la protini isaidiayo damu kuganda. Ghala ndani ya seli lilikuwa jambo gumu kupatana na taswira ya bitana. Mwaka 1966 Howard Florey, ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel kwa kazi ya penisilini, aliandika kuhusu seli ya endothelia na kukumbusha jinsi kizazi chake kilivyofundishwa kuuona utando huo mfano wa karatasi ya selofeni yenye viini. Kumbukumbu hiyo ni ushahidi muhimu kwa mwanahistoria, kwa kuwa inatoka kwa mtu aliyeishi katika fikra zote mbili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzitenga seli na kuzifuga. Mwaka 1973 Eric Jaffe na wenzake wa New York walifaulu kuzikuza katika maabara seli zilizotolewa kwenye mshipa wa kitovu cha mtoto mchanga, na mwaka 1974 Michael Gimbrone na wenzake wa Boston waliripoti mafanikio kama hayo. Kitovu, ambacho kwa kawaida hutupwa, kikawa chanzo cha seli hai za binadamu. Ilionekana mara moja kwamba seli hizi hutengeneza vitu na kuvitoa. Mwaka 1976 Salvador Moncada, John Vane na wenzao nchini Uingereza walieleza prostasaiklini, kitu kitokacho katika ukuta wa ateri ambacho huzuia chembe sahani zisishikamane. Wazo kwamba damu haigandi mshipani kwa sababu uso wa mshipa ni laini likaanza kuachwa. Damu haigandi kwa sababu uso huo unafanya kazi ya kuizuia.

Katika miaka hiyo hiyo Russell Ross na John Glomset wa Seattle waliunganisha nyuzi za Vienna na Berlin. Katika maandishi yao ya 1973 na 1976 walipendekeza kwamba kidonda cha ateri ni jibu kwa jeraha: utando wa ndani hubanduliwa na kolesteroli, msukumo wa damu au sumu, chembe sahani hujishikiza mahali palipo wazi na kutoa vichocheo, seli za misuli laini huhamia huko na kuzaliana. Kwa mara ya kwanza utando ulikuwa mwanzo wa hadithi. Hata hivyo ulikuwa mwanzo kwa kutokuwepo kwake. Katika nadharia hiyo ya awali utando ulisababisha ugonjwa kwa kuondoka tu.

Ushahidi ulimlazimu Ross kurekebisha kauli yake. Uchunguzi wa nguruwe na nyani waliolishwa mafuta, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulionyesha chembe nyeupe zikijishikiza na kupenya huku utando ukiwa bado mzima juu yake. Kidonda kilianza kabla ya jeraha la kuonekana. Kwa hiyo palihitajika dhana nyingine, ya seli iliyopo, iliyo hai, lakini inayotenda isivyopaswa. Dhana hiyo ndiyo iitwayo leo hitilafu ya endothelia. Kipimo chake kilitoka mahali pengine kabisa.

Kosa la Brooklyn

Robert Furchgott alikuwa mwanafamakolojia wa chuo kikuu kilichoko Brooklyn, New York. Kwa miaka mingi alikuwa akitumia vipande vya aota ya sungura kupima jinsi dawa zinavyokaza au kulegeza misuli ya mshipa. Katika vipande vyake, asetilikolini ilikuwa ikikaza. Hilo lilikuwa kinyume cha kinachotokea katika mnyama aliye hai, ambamo asetilikolini hupanua mishipa na kushusha shinikizo la damu. Kinyume hicho kilijulikana na kilivumiliwa.

Mwaka 1978 msaidizi wake wa maabara alikosea mpangilio wa jaribio: alitia dawa ya jamii ya asetilikolini kabla ya kuosha dawa iliyotangulia. Aota, ambayo safari hii ilikuwa imekatwa kama pete badala ya utepe, ikalegea. Furchgott hakulitupa tokeo hilo. Baada ya kulifuatilia aligundua kwamba tofauti haikuwa katika dawa bali katika mikono. Wakati wa kuandaa tepe, uso wa ndani wa mshipa ulikuwa ukisuguliwa, na utando ulikuwa ukibanduka bila mtu kukusudia. Penye utando, mshipa ulilegea. Pasipo na utando, haukulegea. Kisha akabuni jaribio la kulaza utepe wenye utando juu ya utepe usio nao, uso kwa uso. Ule usio na utando nao ukalegea. Palikuwa na kitu kinachotoka katika seli za utando na kuvuka hadi kwenye misuli. Matokeo hayo, aliyoyaandika pamoja na John Zawadzki, yalichapishwa mwaka 1980.

Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kisa cha bahati. Usomaji huo hautoshi. Bahati ilileta tokeo moja lisilotarajiwa, lakini lililodumu miaka mingi lilikuwa ni desturi ya maabara iliyoondoa utando kila siku na kisha kuchukua matokeo yake kama tabia ya mshipa mzima. Mkono uliosugua utepe Brooklyn na meza ya maiti ya Vienna vilifanya kazi moja. Katika mahali pote pawili, elimu kuhusu mshipa ilipatikana kutoka kwa mshipa usio na utando wake.

Kitu kilichovuka kilibaki bila jina kwa miaka kadhaa. Mwaka 1977 Ferid Murad alikuwa ameonyesha kwamba nitrogliserini, dawa ya maumivu ya moyo iliyotumika tangu karne ya 19, hufanya kazi kwa kutoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo huamsha kimeng'enya cha kulegeza misuli. Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro, kila mmoja kwa hoja zake, walipendekeza kwamba kitu kitokacho katika utando ni gesi hiyo hiyo. Mwaka 1987 maabara ya Moncada na ile ya Ignarro zikatoa uthibitisho, na mwaka 1988 kundi la Moncada likaonyesha kwamba seli huitengeneza gesi hiyo kutoka katika asidi-amino iitwayo arginini. Mwaka huo huo Masashi Yanagisawa na wenzake wa Japani walieleza endothelini, kitu kitokacho katika utando huo huo lakini ambacho hukaza mshipa kwa nguvu. Mwaka 1998 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa Furchgott, Ignarro na Murad. Kuachwa kwa Moncada kulizua malalamiko miongoni mwa wanasayansi.

Kutoka aota ya sungura hadi mkono wa mtu

Ugunduzi wa Furchgott uliipa tiba kipimo. Kama utando mzima hujibu asetilikolini kwa kulegeza, basi jibu hilo linaweza kutafutwa kwa mgonjwa. Mwaka 1986 Paul Ludmer na wenzake wa Boston waliingiza asetilikolini katika ateri za moyo za wagonjwa wachache waliokuwa wakipigwa picha za mishipa. Ateri zenye afya zilipanuka. Zenye vinundu zilijikaza. Kile kinyume kilichovumiliwa Brooklyn kikaonekana ndani ya moyo wa binadamu, na safari hii aliyeuondoa utando kazini alikuwa ugonjwa.

Mwaka 1990 Julio Panza na wenzake walionyesha udhaifu wa jibu hilo katika mikono ya watu wenye shinikizo la juu la damu. Mwaka 1992 David Celermajer na wenzake wa London walitumia mawimbi ya sauti kupima ateri ya mkono baada ya mkanda wa kubana kulegezwa na damu kurudi kwa kasi. Njia hiyo haikuhitaji kuchoma mtu, hivyo iliweza kutumika kwa watoto. Waliona udhaifu katika mishipa ya wavutaji wa sigara na ya watoto waliorithi kolesteroli nyingi, ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa.

Hapa fumbo la Framingham lilipata jibu linaloshikika. Vitu vile visivyofanana hukutana katika seli moja. Moshi, sukari iliyozidi, mafuta na shinikizo huongeza ndani ya ukuta kemikali kali za oksijeni zinazoiharibu oksidi ya nitriki kabla haijafika kwenye misuli. Gesi hiyo ikipungua, mshipa hukosa kulegea, chembe sahani hupata uhuru wa kushikamana, na utando huanza kutoa kwenye uso wake molekuli za kunasa chembe nyeupe. Mojawapo ilitambuliwa juu ya vidonda vya sungura na Myron Cybulsky na Gimbrone mwaka 1991. Chembe nyeupe hupenya, humeza mafuta yaliyoharibika, hugeuka seli za povu, na kinundu huanza. Miaka mingi baadaye kifuniko cha kinundu kikipasuka, damu huganda juu yake na kuifunga njia. Cohnheim, Virchow na Rokitansky wanakutana katika sentensi moja, na Ross alipoandika mwaka 1999 kwamba ugonjwa huu ni wa uvimbe, alikuwa akimrudishia Virchow sehemu ya haki yake.

Dhana hiyo haikubaki katika ateri kubwa. Katika malaria kali ya ubongo, chembe nyekundu zenye vimelea hujibandika kwenye utando wa mishipa midogo. Mwaka 1991 Ian Clark na wenzake walipendekeza kwamba oksidi ya nitriki iliyozidi ndiyo chanzo cha kupoteza fahamu. Wazo hilo lilijaribiwa Tanzania. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake waliripoti kwamba miongoni mwa watoto wa Tanzania kadiri malaria ilivyokuwa kali ndivyo gesi hiyo ilivyokuwa chache, na mwaka 2003 Bert Lopansri na wenzake waliripoti upungufu wa arginini katika damu ya watoto wenye malaria ya ubongo. Mwelekeo wa nadharia uligeuzwa, kutoka wingi kwenda uhaba, kwa vipimo vilivyofanywa katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo si sahihi kuiandika historia ya utando wa ndani kama historia ya magonjwa ya shibe peke yake.

Sababu au shahidi?

Kufikia mwaka 2000 tafiti za kuwafuatilia wagonjwa zilionyesha kwamba wenye utando dhaifu hupatwa na mikasa ya moyo mara nyingi zaidi. Ilikuwa rahisi kuvuka kutoka hapo hadi kauli kwamba kuurekebisha utando ni kuuponya ugonjwa. Majaribio matatu yaliizuia kauli hiyo.

La kwanza lilikuwa la vitamini E. Ikiwa kemikali kali za oksijeni huharibu oksidi ya nitriki, kizuizi cha oksidi kingepaswa kusaidia. Jaribio liitwalo HOPE, lililochapishwa mwaka 2000 na kuhusisha zaidi ya watu 9,000, halikupata faida yoyote kwa moyo. La pili lilikuwa la homoni kwa wanawake waliokoma hedhi. Katika miaka ya 1990 estrojeni ilikuwa imeonekana kuboresha kulegea kwa ateri. Lakini mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani la estrojeni pamoja na projestini lilisimamishwa kabla ya wakati, na moyo haukuonekana kukingwa. La tatu lilikuwa la arginini. Mwaka 2006 matokeo ya wagonjwa 153 waliotoka kupata mshtuko wa moyo yalionyesha vifo 6 kwa waliopewa arginini, na hapana hata kimoja kwa waliopewa dawa bandia. Jaribio lilikomeshwa.

Vifo hivyo sita vinamtaka mwanahistoria awe na kiasi. Havithibitishi kwamba utando hauna nafasi katika ugonjwa. Ushahidi wa maabara hauwezi kufutwa hivyo. Vinaonyesha kwamba kipimo cha utando kinaweza kutoa habari za kweli kuhusu hali ya mshipa bila kuwa lever ya kuubadilishia mwenendo wake. Yawezekana hitilafu ikawa sababu mwanzoni mwa ugonjwa na shahidi mwishoni mwake. Kwa mtoto aliyepimwa London inatangulia kinundu. Kwa mzee aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo inafuatana na madhara mengine mengi ambayo asidi-amino moja haiwezi kuyatengua. Inafaa kukumbuka pia kwamba hatua zilizothibitika kuokoa maisha, yaani kuacha sigara, kushusha shinikizo la damu na kushusha kolesteroli, huuboresha utando. Lakini zilithibitishwa kwa kuhesabu waliopona na waliokufa. Hazikuthibitishwa kwa kupima ateri ya mkono.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya utando wa ndani wa mishipa ina makosa mawili yanayokaribiana kwa namna isiyotarajiwa. Kosa la kwanza lilikuwa kuutoa utando nje ya maelezo, kwa sababu njia za kuandaa tishu ziliuondoa kwanza: kifo kiliubandua juu ya meza ya mpasuaji, nguvu za Starling ziliufanya chujio, na vidole viliusugua katika maabara ya Brooklyn. Kosa la pili lilikuwa kuuingiza katika maelezo kwa haraka mno, kana kwamba tishu iliyopewa sauti baada ya kimya kirefu haiwezi ila kusema yote. Katika makosa yote mawili watafiti walichukua tabia ya kipimo chao kuwa tabia ya mwili.

Nadharia ya hitilafu ya endothelia inabaki kuwa maelezo bora zaidi yaliyopatikana ya jinsi maudhi mengi yanavyoishia katika ugonjwa mmoja. Nguvu yake inatokana na kwamba ilizaliwa kutokana na mtu aliyekubali kuuliza ni kitu gani mikono yake mwenyewe ilikuwa ikiharibu. Watafiti watakaoiendeleza, na wanahistoria watakaoisimulia, wanadaiwa swali hilo hilo.